Albamu ya Pili na Kinanda: Maswali Mnayotuuliza

Sisi ni bendi ya roki ya Mtwara, na kwenye albamu yetu ya pili tumeingiza kinanda. Tangu nyimbo zake mbili za mwanzo zianze kuzunguka kwenye simu za watu, maswali hayakatiki, kuanzia Mikindani hadi Masasi, na mengine yana ukali. Kazi ya kuyajibu nimeachiwa mimi mpiga besi, maana mpiga gitaa wetu angejibu kwa hasira na mpiga kinanda si mtu wa maneno mengi. Mengi humu ni majibu ya bendi nzima. Nikisema "mimi", hilo ni langu, msiwabebeshe wenzangu.

Ni kweli mmeachana na gitaa?

Hapana. Gitaa la solo lipo kwenye kila wimbo. Kilichoondoka ni gitaa la rizimu, lile linaloshikilia mdundo, baada ya mwenzetu aliyekuwa akilipiga kupata ajira mkoa mwingine. Hatukugombana naye, anayesambaza habari hiyo aache.

Sasa si mngetafuta mpiga rizimu mwingine?

Tulitafuta. Wenye mkono mzuri wengi wamekimbilia Dar es Salaam, na waliobaki wana bendi zao. Wapiga kinanda, kwa upande mwingine, Mtwara wapo. Kijana anayekulia kwenye kwaya anakigusa kinanda tangu mdogo, gitaa la umeme anaweza kufika utu uzima hajalishika. Huyu wetu alitoka kwaya moja kwa moja, na masikio yake ni makali kuliko yetu sote.

Lakini sababu haikuwa uhaba peke yake. Sikilizeni tena albamu ya kwanza. Magitaa mawili, yote yamekorogwa sauti, yote yanakaa palepale katikati, na mwimbaji anapiga kelele juu yake ili asikike. Kwenye ukumbi wenye paa la bati ilikuwa balaa. Gitaa ukiligusa, sauti yake huanza kufa palepale, kwa hiyo mpigaji analazimika kugusa tena na tena asije akaacha kimya. Kinanda cha sauti ya ogani hakina shida hiyo: kidole kikibaki chini, noti inabaki. Kinanda kikishika sauti moja ndefu, gitaa linapata ruhusa ya kunyamaza, halafu likirudi watu wanageuka kulitazama. Ukitaka kujua albamu hii inahusu nini kimuziki, ni hapo: kinanda kimeletwa ili gitaa lipumue. Anayesikia kinanda kingi tu, naomba asikilize gitaa linavyoingia kwenye kiitikio cha wimbo wa kwanza.

Muziki wa roki wenye kinanda bado ni roki?

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na kwa kawaida muulizaji ana jibu lake tayari mfukoni.

Deep Purple ya Uingereza, ambayo hakuna anayeiita laini, ilikuwa na Jon Lord, na yeye aliichomeka ogani yake ya Hammond kwenye amplifaya za Marshall, zile za gitaa. Ukisikiliza haraka huwezi kutofautisha kipi ni gitaa na kipi ni ogani. Hammond zenyewe zilianza kuuzwa mwaka 1935, na makanisa yalikuwa miongoni mwa wateja waliolengwa. Yaani safari ya kutoka kanisani kwenda kwenye roki ilishafanywa kabla hatujazaliwa.

The Doors wa Marekani ndio wananikuna mimi zaidi. Jukwaani hawakuwa na mpiga besi. Ray Manzarek alipiga besi kwa mkono wa kushoto kwenye kinanda kidogo cha Fender Rhodes, mkono wa kulia ukiwa kwenye ogani. Albamu yao ya pili, Strange Days ya mwaka 1967, ni kati ya albamu za mwanzo kabisa za roki kutumia sinthesaiza ya Moog, yaani chombo kinachounda sauti kwa umeme. Angalieni basi: bendi, albamu ya pili, chombo kipya chenye funguo. Na kwenye albamu hiyohiyo walimwita studio mpiga besi, Douglas Lubahn. Nimewakumbusha wenzangu hilo kila walipotaka kuokoa nauli yangu.

Kisha yupo wa kwetu. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja, Septemba 5, 1946, dunia ikamjua kama Freddie Mercury. Bendi yake ya Queen iliandika kwenye majalada ya albamu zake za mwanzo, ya pili ya mwaka 1974 ikiwemo, kwamba hakuna aliyepiga sinthesaiza humo. Ilikuwa fahari yao. Ila piano ilikuwepo, na mpigaji mara nyingi alikuwa Freddie mwenyewe. Mwaka 1980, kwenye The Game, wakaweka sinthesaiza ya Oberheim na fahari ile ikaisha. Hawakugeuka bendi nyingine kwa ajili hiyo.

Jirani zetu wa Zambia miaka ya 1970 walikuwa na roki yao, na WITCH, bendi yao kubwa, ilikuwa na kinanda. Hapa nyumbani Patrick Balisidya wa Afro 70 alipiga gitaa na kinanda pia, na Vijana Jazz waliingiza kinanda kwenye dansi miaka ya 1980. Taarab ya kisasa nayo ilibebwa na kinanda miaka ya 1990, hadi wazee wa fidla na ganuni wakanuna. Mnaotuambia kinanda si asili yetu, mnazungumzia asili ya mwaka gani?

Mbona baadhi ya nyimbo zinasikika kama kwaya?

Unazungumzia wimbo wa nne. Kosa si la mpigaji. Vinanda vingi vinavyouzwa huku vina sauti moja inayopendwa mno, piano iliyochanganywa na nyuzi laini nyuma yake, na kwaya zetu zimeirekodi kwa miaka mingi kiasi kwamba mtu akiisikia tu anatafuta kitabu cha nyimbo. Masasi kuna misheni ya Kianglikana tangu 1876, Ndanda wamo Wabenediktini tangu 1906. Watu wa huku hawajaanza jana kusikiliza kwaya na ogani.

Kwenye nyimbo nyingine sauti hiyo tumeikwepa. Tumebaki na ogani, piano ya umeme, na sinthesaiza ya noti moja moja. Kwenye wimbo wa nne tumeiacha kwa makusudi, kwa kuwa unahusu mazishi, na ndiyo sauti inayosikika mazishini kwetu. Shabiki mmoja wa Ligula alisema wimbo ule umemliza kisha akalalamika kwamba si roki. Yote mawili tumeyapokea.

Mnatumia zile biti zilizomo ndani ya kinanda?

Hapana! Drams anapiga mtu, mwenye jasho.

Siwadharau wapigaji wa harusini wanaofanya kazi ya bendi nzima peke yao, mkono wa kushoto ukishika kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, na mashine ikijaza drams na besi. Ile ni kazi ngumu na inalisha familia. Ila mashine haijui mwimbaji anapotaka kuchelewa, na mwimbaji wetu anachelewa sana.

Nikiweka wimbo wa pili kwenye sabufa, besi silisikii vizuri. Mmelizika?

Asante kwa kuuliza. Nimesubiri mtu aulize.

Waya mnene wa besi, ukiwa wazi, unatikisika kama mara 41 kwa sekunde. Waya mnene wa gitaa ni kama mara 82. Kinanda chetu cha funguo 61 kinaanzia kwenye noti ya C ya mara 65 hivi. Kwa hiyo mkono wa kushoto wa mpiga kinanda umekaa katikati yetu, mlemle tunamofanyia kazi. Aliyezoea kupiga peke yake kanisani ana mkono wa kushoto mzito, kwa sababu huko yeye ndiye besi. Akija nao kwenye bendi, sauti za chini zinakuwa mbili, zinapishana kidogo kwa wakati, na sabufa inatoa mvumo tu. Watu wanasema besi halisikiki, kumbe mabesi yapo mawili yanafutana.

Tuliwekeana sheria mazoezini. Mimi nikipiga, mkono wa kushoto haushuki chini ya C ya katikati. Haikupokelewa kirahisi. Mpiga kinanda alisema ni sawa na kumwambia atembee kwa mguu mmoja, na nikamwelewa. Baada ya muda mkono ule ukapata kazi nyingine: kufungua na kufunga sauti ya ogani, kuzungusha gurudumu la kupinda noti, kupiga vipande vifupi vya juu vinavyojibizana na gitaa. Nadhani ndio mkono mzuri zaidi kwenye albamu nzima, na haupigi hata noti moja ya chini.

Studio nako tulipunguza sauti za chini za kinanda, kila kitu kilicho chini ya mitikisiko 200 hivi. Ukikisikiliza peke yake ni chembamba, utadhani kimeharibika. Ndani ya wimbo kinakaa sawasawa.

Wimbo wa pili ni tofauti. Humo besi silipigi mimi. Ni mkono wa kushoto wa kinanda, ile njia ya Manzarek, nami nimepewa manyanga. Kwa hiyo sikuzikwa, nilienda likizo. Jaribu kupunguza kidogo kitufe cha besi cha sabufa yako. Najua kipo mwisho, sabufa zote za Mtwara kipo mwisho.

Anayesikiliza kwa spika ya simu hatausikia upande huu kabisa, spika ile ni ndogo mno kwa sauti za chini. Avae hata spika za masikioni za bei rahisi.

Ni kweli wimbo wa sita ni sindimba?

Umetokana na sindimba, ila usimwambie mtu ni sindimba yenyewe, wachezaji wa Newala watatucheka. Sindimba ina ngoma zinazopashwa moto mpaka ngozi ikaze, ina wachezaji, ina kiuno. Sisi tulichukua namna ngoma ndogo inavyosisitiza huku kubwa inaongea, tukampa kinanda kazi ya ile ndogo. Noti fupi, kavu, bila mwangwi. Kwa nyimbo nyingine kinanda kinashika sauti ndefu. Hapa ni kinyume, hakuna noti inayoruhusiwa kukaa.

Ugumu ulikuwa kwenye sauti zenyewe. Kinanda kimegawa safari ya kutoka C moja hadi C inayofuata hatua 12 zilizo sawa, na ndivyo kilivyotoka kiwandani. Waimbaji wetu wa ngoma na marimba za huku hawakuahidiana chochote na hatua hizo. Kuna noti moja kwenye kiitikio iko kati ya funguo mbili. Gitaa linaifikia kwa kuvuta waya. Kinanda kinaifikia kwa lile gurudumu la kushoto, na mpigaji akilizungusha kupita kiasi inasikika kama king'ora. Mwishowe tuliamua noti hiyo apewe gitaa na kinanda kinyamaze. Sikilizeni dakika ya pili, kuna shimo dogo hapo. Ni la makusudi.

Mmoja aliuliza kama tumeweka pia nyimbo za unyago. Hatujaweka, wala hatutaweka. Zile zina wenyewe na zina mahali pake.

Mlirekodi wapi na vipi?

Hapahapa Mtwara, kwenye chumba chenye magodoro ukutani, usiku, kwa sababu mchana kuna bodaboda na karakana ya kuchomelea. Drams na besi vilipigwa pamoja kwa mkupuo. Kinanda kilifuata kwa njia mbili kwa wakati mmoja: waya ulioingia moja kwa moja kwenye mashine, na mwingine uliokwenda kwenye amplifaya ya gitaa iliyowekewa maikrofoni mbele. Njia ya kwanza ni safi mno, ya pili ina vumbi. Kwenye mchanganyiko tumependelea vumbi.

Tulihifadhi pia MIDI, ule mfumo uliokuwepo tangu 1983, ambao hautunzi sauti bali unatunza ni funguo gani ilibonyezwa, lini, na kwa nguvu gani. Faida yake ni kwamba ukichoka na ogani unabadilisha iwe piano bila kumwita mpigaji tena. Hasara yake ni hiyohiyo. Tulibishana mno kuhusu sauti ya wimbo wa saba, kwa vile kubadilisha kulikuwa bure. Ningependa albamu ijayo tuizime.

Mbona imechelewa namna hii?

Fedha kwanza. Kisha vifaa vyetu vingi vinatoka Kariakoo kwa basi, na mwaka 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara upande wa Kilwa, mizigo ilikwama kama ilivyokwama ya wengine wote wa kusini. Kisha korosho. Wanabendi wawili wana mashamba, na kuanzia Oktoba huwezi kumwambia mtu aache korosho chini akaja kurudia kiitikio.

Umeme ukikatika katikati ya shoo inakuwaje?

Gitaa na kinanda vyote vinanyamaza, drams zinaendelea, na watu wanaimba. Imekuwa hivyo zaidi ya mara moja na si shoo mbaya.

Tofauti ni umeme ukirudi. Amplifaya inawaka na gitaa liko tayari. Kinanda kinawaka kikiwa kimesahau kila ulichopanga, kinarudi kwenye piano ya kiwandani, na mpigaji akisahau kuangalia, wimbo wa hasira unaendelea kwa sauti ya shule ya chekechea. Siku hizi mipangilio yote tunaihifadhi kwenye kumbukumbu ya kinanda, na kinanda chenyewe kinapata umeme kupitia UPS ndogo ya kompyuta. Kinakula umeme kidogo, kwa hiyo UPS inakibeba muda wa kutosha hadi jenereta iwashwe. Kuyumba kwa umeme ndiko kunaua adapta kuliko kukatika. Msichomeke kinanda soketi moja na friji ya vinywaji.

Chumvi ya bahari haiharibu kinanda?

Inaharibu kila kitu. Waya za gitaa hapa Shangani zinashika kutu ukizitazama tu. Kwenye kinanda, chini ya funguo kuna mpira wenye vidoti vyeusi vinavyogusa ubao. Unyevu na vumbi vikiingia hapo, funguo moja inakuwa bubu, au mbaya zaidi, ukiigusa taratibu inapiga kwa nguvu zote. Fundi anaifungua na kusafisha kwa spiriti, kazi ya mchana mmoja, na kinanda kinapona. Msipulizie dawa za kutu za magari. Baada ya mazoezi tunakifunika khanga kavu na ndani ya mfuko tunaweka vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu. Nailoni usiitumie kufunikia, inafungia unyevu ndani.

Nataka kuanza kujifunza. Ninunue chenye funguo ngapi?

61 zinatosha kwa kazi ya bendi, na kinabebeka kwenye bajaji. Funguo 88 ni za anayetaka piano hasa. Kabla ya kulipa, hakikisha funguo zinahisi nguvu ya kidole, yaani ukigusa taratibu sauti iwe ndogo na ukigonga iwe kubwa. Visivyo na hilo vipo sokoni na sura zao zinafanana na vyenye nalo. Bonyeza funguo zote, moja moja, hata muuzaji akikunja uso. Chomeka pedali, chomeka waya wa kutolea sauti, zungusha kitufe cha sauti usikilize kama kinakwaruza. Cha mtumba kilichotunzwa vizuri ni bora kuliko kipya chepesi.

Nyimbo za zamani mtaendelea kuzipiga?

Ndiyo, ila mbili zimebadilika. Sehemu ya rizimu sasa inapigwa na kinanda, na mwendo umeshuka kidogo. Ile ya mwisho kabisa ya albamu ya kwanza haipigiki bila magitaa mawili, tumeistaafisha hadi mwenzetu atakapokuja likizo.

Naweza kutumia wimbo wenu kwenye video ya harusi au tangazo la duka?

Harusi, chukua, na utualike. Tangazo ni biashara, tuandikie kwanza tukubaliane. Nyimbo zimesajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Mpiga kinanda wenu bado anapiga kanisani?

Kila Jumapili. Mazoezi ya Jumamosi yanaisha mapema kwa ajili hiyo, na hilo halina mjadala.

Mtwara kuchele! Lindi, Nachingwea na Newala mnakuja lini?

Tukipata wenyeji. Hatuna gari, na kiingilio cha ukumbi mdogo hakirudishi nauli ya watu wote pamoja na drams, kwa hiyo tunahitaji mtu wa pale atuandalie. Msimu mzuri ni kuanzia Novemba hadi Januari, malipo ya korosho yakishaingia. Mwenyeji atupatie ukumbi, mahali pa kulala, jenereta yenye mafuta, na soketi mbili zilizo mbali na friji. Spika za ukumbi tutazipima wenyewe mchana, kwa hiyo mlango ufunguliwe mapema. Stendi ya kinanda tunayo, ila Newala kule juu kuna upepo, tunaomba matofali mawili ya kuikandamizia miguu.